Buti la Pili la Bi Korongo

3 Februari

Mama Mchoraji,

Shikamoo. Mimi ni mhariri wa vitabu vya watoto katika kampuni iliyotoa *Bi Korongo na Matope*. Nimekupigia simu mara sita. Mara ya saba alipokea jirani yako, akanicheka, akasema simu umeifunikia bakuli isikusumbue, na kwamba anayetaka jibu kwako aandike barua. Basi hii hapa.

Mwaka huu Bi Korongo anatimiza miaka arobaini. Tunataka kumchapa upya, na nyuma ya kitabu tuweke kurasa mbili za kueleza alikotoka. Mimi mwenyewe ndege huyu amenilea. Nilikuwa na nakala isiyo na jalada, nikimsomesha mama kila siku mpaka akawa anaificha juu ya kabati ili apumzike.

Tuliweka sanduku la maswali kwenye maktaba za shule, tukapata barua mia mbili na kumi na mbili. Wanauliza mdomo ule uliutoa wapi. Wanauliza skafu alishona nani. Lakini karibu wote wanauliza jambo moja: kwa nini Bi Korongo, anayeogopa matope kuliko kitu chochote, amevaa buti moja tu? Mmoja anasema la pili limeliwa na mamba. Mwingine anasema aliliazima chura, na chura si mtu wa kurudisha vitu.

Kuna moja zito. Kitabu hakichapwi bila sahihi yako na ya mwandishi, dada yako Mwalimu, kabla ya mwisho wa Mei. Yeye nimemwandikia mara mbili, kimya. Stoo zimebaki nakala kumi na moja. Zikiisha hizo, Bi Korongo ndiyo basi tena.

Ni mimi mwanao,
Mhariri

14 Februari

Mwanangu Mhariri,

Marahaba. Habari ya bakuli ni kweli. Mtu akinitaka kweli ataandika, na asiyenitaka kweli anipunguzie kelele.

Haya, maswali yako. Mdomo ni mkasi wa mama. Mama yetu alikuwa fundi cherehani, na mkasi wake sisi watoto tuliuogopa kama polisi. Niliuchora umefunguka kidogo, nikauwekea jicho, ndege huyo kazaliwa. Shingo ni ya karani wa posta wa enzi zile, aliyekuwa akikuchungulia juu ya miwani akitafuta sababu ya kukunyima stempu. Skafu ni pazia la sebuleni kwetu. Pazia lilikuwa na maua, ila tulikuwa na rangi mbili tu za kuchapia, nyeusi na nyekundu, maua nikayaacha. Hadithi yenyewe ni ya dada, neno kwa neno. Lakini maneno yake hayataji kiatu popote. Kasome tena, utaona. Mabuti ni yangu.

Nimesema mabuti. Mawili! Nilichora mawili kwenye kila ukurasa, kurasa ishirini na nne. La pili lilikwenda wapi, kamuulize dada yangu, maana yeye ndiye aliyelifuta. Kitabu kiliponifikia, siku moja kabla ya uzinduzi, nilidhani macho yangu yana kasoro. Nikaenda mbio kwenye kiwanda cha uchapaji. Mkuu wa kiwanda akanijibu huku anaangalia ukuta, "Mwandishi ndivyo alivyotaka." Mwandishi! Dada yangu wa tumbo moja anakwenda kwa watu baki kufuta kazi yangu, hata kuniambia "mdogo wangu, hili silipendi" hakuona haja. Uzinduzi sikwenda. Nilimsubiri aje aniombe radhi, na namsubiri mpaka leo. Kwenye msiba wa mama yeye alikaa pembe ile, mimi pembe hii, na chumba chenyewe kilikuwa kidogo.

Kwa nini nilichora mawili? Hilo si la kitabuni.

Sahihi yangu hiyo hapo chini ya karatasi ya ruhusa uliyoniambatanishia. Waambie watoto mamba hana hatia.

Mchoraji

2 Machi

Kwa Mhariri,

Barua zako tatu zimefika. Usilaumu posta.

Sikusaini na sitasaini. Kwa kuwa umeuliza kwa adabu, nitakujibu mara moja.

Nilipokuwa na miaka mitatu niliugua polio. Mguu wa kushoto ukadhoofika, nikavalishwa buti zito lenye vyuma pembeni, lililotengenezwa hospitali. Mguu wa kulia ulivaa chochote kilichopatikana. Shuleni waliniita Buti. Hakuna aliyejua uchungu wa jina lile kuliko mdogo wangu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiwapiga walioliita.

Nilipokuwa mwalimu niliandika hadithi ya ndege mwenye miguu miwili mirefu, mizima. Nikampa yeye aichore. Siku ya uzinduzi nikakabidhiwa kitabu mbele ya wageni. Ndege amevaa buti moja. Mguu wa kushoto. Watu wakacheka kwa furaha. Mkuu wa kiwanda alikuwa karibu, nikamuuliza hili limetoka wapi. Akasema, "Mchoraji ndivyo alivyotaka." Nikamtafuta mdogo wangu ukumbini. Hakuja. Nikaelewa kwa nini hakuja. Niliomba maji ya kunywa, nikatokea mlango wa nyuma.

Nimefundisha miaka thelathini na moja. Wenzangu walikisoma kitabu kile madarasani mwao na watoto wakishangilia hadi kwangu nikisikia. Mimi sijawahi kukisoma mbele ya mtoto hata mara moja. Kikifa, sitavaa nguo za msiba.

Usiniandikie tena juu ya jambo hili. Juu ya mengine unaweza. Mwandiko wako ni mzuri.

Mwalimu (mstaafu)

11 Machi

Mzee wangu Fundi,

Shikamoo. Anwani yako nimepewa na mlinzi wa kiwanda, anasema wewe ndiye pekee uliyebaki wa wale wa zamani. Mimi ni mhariri wa vitabu vya watoto.

Nina barua mbili mezani kwangu, za dada wawili. Zote zinamnukuu mkuu wenu wa wakati ule, marehemu sasa, kwa maneno yaleyale. Ila mmoja kaambiwa kosa ni la mwenzake, na mwenzake kaambiwa ni la huyo.

Jana nimeshinda stoo. Nimepiga chafya mpaka macho yamevimba, lakini bahasha ya michoro ya *Bi Korongo* nimeipata. Ndani mna karatasi za wino mweusi, na juu ya kila moja karatasi laini inayopitisha mwanga, yenye sehemu nyekundu peke yake. Mabuti ni mawili, kila ukurasa. Juu ya bahasha pameandikwa "filamu", kisha sahihi yako.

Mzee, sitafuti wa kulaumu. Dada hawa hawajasemezana miaka arobaini. Mkubwa, aliyeugua polio, mwenyewe anavaa buti mguu mmoja na anaamini mdogo wake alimchora kumdhihaki, naye yuko radhi kitabu kife. Nakuomba uniambie kilichotokea.

Mhariri

29 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Barua yako niliisomea kibarazani, nikaingia ndani nikafunga mlango. Mke wangu akadhani kuna mtu kafa.

Ni mimi niliyelifuta.

Nikueleze kazi ilivyokuwa, usinione mjinga kupita kiasi. Picha ya rangi mbili haikuja kwetu kama picha moja. Ilikuja vipande viwili, nyeusi kivyake, nyekundu kivyake, na kila kipande kilipata filamu yake. Kazi yangu ilikuwa meza ya taa. Unailaza filamu juu ya kioo chenye mwanga chini, unasaka vumbi na matone ya wino, na kila doa unaliziba kwa rangi nzito ya kahawia. Ukiliziba, halichapwi. Sasa kwenye filamu ya nyekundu hakuna ndege, binti yangu. Hakuna miguu. Kuna mabaka tu yanaelea. Picha ya jaladani Bi Korongo kasimama kwa mguu mmoja, mwingine kaukunja na kuuinua nyuma. Kwa hiyo mimi niliona skafu juu, buti chini, na baka moja huko pembeni, peke yake, mbali na kila kitu. Nikasema, huyu mchoraji kadondosha wino. Nikaliziba. Na nilijisifu kabisa kwamba nina jicho kali.

Jalada likachapwa nakala elfu tano. Ndipo mkuu akagundua kwamba jaladani buti ni moja na ndani ni mawili. Karatasi za jalada zimekwisha, kuagiza nyingine ni miezi. Alinitukana mpaka akakohoa. Kisha akatulia, akasema, "Haya, kalifute na huko ndani kote." Mguu wenyewe ulikuwa umechorwa mzima kwa wino mweusi, kwa hiyo ukiondoa nyekundu unabaki mguu mtupu, huoni kasoro. Nilishinda mchana kutwa nikimvua ndege kiatu, ukurasa kwa ukurasa. Mkuu akaniagiza: mwandishi akiuliza, ni mchoraji, mchoraji akiuliza, ni mwandishi. "Hawa ni ndugu," akasema, "watayamaliza nyumbani."

Baadaye nilisikia watoto wamempenda vilevile alivyo, nikajiambia hakuna aliyeumia. Wajukuu zangu wanajua ni mimi niliyemvua Bi Korongo buti. Wananiona shujaa! Habari za mguu wa huyo mama sikuzijua. Nakuapia sikuzijua. Ningejua, ningekwenda kwake kwa magoti.

Waambie nimekosa. Wakitaka kuja kunigombeza, waje, mimi nipo nyumbani kila siku, na viti vipo.

Fundi wa filamu

5 Aprili

Mama Mchoraji, na Mwalimu,

Shikamooni. Barua hii nimeiandika mara mbili kwa maneno yaleyale, kila mmoja apate yake. Nimewaambatanishia barua ya Fundi. Isomeni hiyo kwanza kabla ya yangu.

Mwalimu, ulinikataza kukuandikia tena juu ya jambo hili. Nimekaidi. Ukinigombeza nitastahili, lakini nisingeweza kulala na barua ile mkobani. Mdogo wako hakuchora mguu wako. Na Mama Mchoraji, dada yako hakufuta chochote.

Karatasi nyekundu za asili ni nzima, hazina hata mkunjo. Siku hizi kulirudisha buti la pili ni kazi ya siku mbili tu. Mkikubaliana, Bi Korongo wa miaka arobaini atatoka na mabuti yote mawili, kama alivyozaliwa.

Sijui niseme nini zaidi. Nimelia kazini, na mwenzangu wa meza ya pili ameninunulia soda akidhani nimeachwa.

Mhariri

18 Aprili

Dada,

Shikamoo.

Nimeliandika neno hilo, nikaliangalia. Sijakuamkia tangu nina miaka ishirini na saba.

Mhariri aliniuliza kwa nini nilichora mawili, nikamwambia si la kitabuni. Wewe nitakueleza. Ulikuwa na miaka tisa, mimi sita. Mama alipata kazi ya kushona sare za shule, akatununulia viatu vyeusi vya kamba, kila mtu pea yake. Mimi nilivaa vyote. Wewe ulivaa cha kulia tu, kwa kuwa kushoto kulikuwa na lile la vyuma, na kile cha kushoto kikabaki ndani ya boksi. Mchana, ukidhani hakuna anayekuona, ulikuwa unakitoa. Unakipangusa. Unavua na cha kulia, unaviweka sakafuni kimoja kando ya kingine, unakaa kuvitazama vikiwa viwili. Mimi nilikuwa chini ya meza ya cherehani, dada. Nilikuona si mara moja.

Nilijiapiza kwamba nikikua nitakununulia pea utakayoivaa. Nikakua, nikagundua duka la pea hiyo halipo. Nilichojaliwa ni kuchora tu. Uliponipa hadithi yako nilimjua ndege yule papo hapo, wala usingenidanganya. Nikamvika yote mawili, mekundu, ya kupendeza, ili popote utakapofungua kitabu uikute pea yako. Sikukwambia kwa sababu nilitaka siku ya uzinduzi ujionee mwenyewe. Nilifanya mazoezi ya kutolia.

Halafu likaja lile neno la mkuu wa kiwanda, nami nikamwamini mtu nisiyemjua kuliko nilivyokuamini wewe. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa tamu, sikutaka kuiharibu kwa kukuuliza.

Mhariri anasema buti la pili linaweza kurudi. Mimi nataka lirudi. Nataka watu waone nilichokuchorea. Lakini neno la mwisho ni lako, na usipojibu pia nitaelewa. Hapana, nadanganya, sitaelewa. Nijibu.

Mdogo wako,
Kitinda

14 Mei

Mama Mchoraji,

Shikamoo. Kwa Mwalimu bado kimya. Zimebaki siku kumi na saba. Mashine zimeshapangiwa kazi, na mkuu wangu wa idara ananipita mlangoni akigonga saa yake kwa kidole. Wewe umesikia lolote?

Mhariri

16 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sijasikia. Kila nikisikia baiskeli ya mtu wa posta nasimama, akipita nakaa. Nimekuwa kama mtu anayefanya mazoezi ya viungo. Tusubiri.

Mchoraji

23 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Marahaba mara arobaini, kila mwaka na yake.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikasirika upya, na safari hii sikuwa na mtu wa kumkasirikia. Mkuu wa kiwanda amekwisha kufa. Fundi ameniomba radhi vizuri mno, mzee wa watu. Umebaki wewe, nawe ulikuwa chini ya meza ukinionea huruma. Nimezunguka nyumba wiki tatu nikipanga vitu vilivyokwisha kupangwa. Nimefundisha watoto wa watu kwamba ukiwa na shaka, nyoosha mkono, uliza. Mimi mwenyewe nilishindwa kukuuliza swali moja. Nilikuwa na kiburi, nawe ulikuwa na kiburi, na mama akaenda kaburini akituona hivyo. Hilo sitalisahau.

Sasa sikiliza kilichotokea wiki iliyopita. Kamba za buti langu zilikuwa zimelika, nikalipeleka kwenye karakana ya viatu ya hospitali. Fundi viatu wa pale ni mtu wa makamo, ananijua kwa mguu tu, hajui niliwahi kuandika chochote. Nimekaa kwenye benchi, akaingia mama mmoja na binti yake wa kama miaka mitano. Buti la kwanza. Unakumbuka habari za siku yangu ya kwanza? Mama alikuwa akisimulia kwamba nilimng'ata daktari. Huyu naye kajikunja, kaficha mguu chini ya sketi, analia mpaka hana sauti. Mama yake anambembeleza, anamtishia, anaahidi pipi, wapi.

Fundi viatu akaweka kando buti langu. Akavuta droo, akatoa kitabu kilichochoka, kimeshonwa upya kwa uzi wa viatu. Mdogo wangu, alikuwa Bi Korongo. Akamwekea mtoto jalada usoni, akamwambia, "Huyu naye anavaa moja." Mtoto akanyamaza. Akaangalia kwa muda mrefu. Kisha akautoa mguu chini ya sketi, akaunyoosha, yeye mwenyewe.

Mtu yule ananiambia, kama anayeongea habari za hali ya hewa, kwamba kitabu hicho anacho kwenye droo ileile mwaka wa ishirini sasa. Kila mtoto anayekataa buti humwonyesha huyo ndege. Akasema, "Mama, kwa kuwa umekaa tu, hebu msomee wakati mimi napima." Nikasoma. Mimi! Nilipomaliza mtoto akasema, "Tena." Nikarudia. Akasema, "Tena."

Nilimchukia ndege yule miaka arobaini, nikidhani watu wanamcheka. Kumbe wanampenda, na wanampenda kwa mguu uleule. Nimerudi nyumbani nikalia, si kwa uchungu.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Buti la pili lisirudi kitabuni. Mabuti mawili yangekuwa viatu tu, na mtoto yule asingetoa mguu. Fundi wa filamu kwa kosa lake amewapa watoto wale kitu ambacho mimi na wewe, kwa akili zetu zote, hatukukifikiria. Nimemwandikia Mhariri, sahihi yangu ameshaipata, na nimemwambia jina lako na langu yakae mstari mmoja jaladani. Kurasa za nyuma aziandike zote: mkasi, karani, meza ya taa, na mguu wangu. Asifiche kitu.

Ila nimemwomba jambo moja. Picha ya jaladani, ile ya asili, yenye mabuti mawili, asiiweke kitabuni wala stoo. Nimemwambia ni mali yangu, nilichorewa na mdogo wangu, ikachelewa njiani. Ameshaituma. Ninaiangalia sasa hivi ninapokuandikia. Ni mazuri, Kitinda. Mekundu, yanalingana, yote mawili. Umenipatia hasa.

Jumamosi nakuja kwako. Basi linafika saa nane mchana. Usijisumbue kupika, na usilie stendi mbele za watu, maana ukianza wewe na mimi nitaanza.

Dada yako